Neno Moja Kuhusu Garbino

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Modena. Mhandisi Lamberto Borsarini, ambaye jioni hii ni mwenyeji wetu na mgeni wetu wa heshima kwa pamoja, jambo ambalo wewe peke yako unaliweza. Ndugu viongozi wa vyama vya magari kutoka Bologna, Reggio na Parma. Ndugu wasomaji mliolipa ada ya mwaka mzima kwa ajili ya jarida ambalo hamjaliona hata ukurasa mmoja. Mabibi na mabwana mliokuja na magari yenu mazuri katika mvua hii, na sasa mnageuka kila mara kuchungulia dirishani kama mzazi aliyeacha mtoto mchanga nje: nawasalimu wote kwa heshima.

Naitwa Ermes Cavazzuti. Wengine mnanijua kwa makala zangu, wengine kwa kesi nilizofunguliwa kwa sababu ya makala hizo. Leo nimeombwa niseme maneno machache, yawe matamu, halafu nivute kile kitambaa chekundu, na chini yake mwone gari jipya la Mhandisi, Garbino, ambalo liko kwenye jalada la toleo la kwanza la jarida letu la Tornante. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya gari na si kwa ajili yangu. Lakini kitambaa sitakivuta bado. Nina jambo la kusema kwanza.

Nianze na swali ambalo kila mtu ameniuliza mwaka huu, kuanzia benki hadi mke wangu. Kwa nini karatasi? Kwa nini, katika zama ambazo mtu anaweza kutazama magari mia kwenye simu akiwa chooni, watu wazima wenye akili wachape jarida zito kama kigae, walipeleke kwa posta, na waombe ada ambayo ingetosha kununua tairi jipya?

Wengi wanadhani ni kwa ajili ya uzuri. Ni kweli, jarida ni zuri. Picha zimechapwa hadi unahisi baridi ya bodi ukizigusa, na karatasi haipitishi mwanga hata ukiiinua dirishani. Lakini mimi si mtu wa mapambo, na nyumba yangu ni ushahidi. Mimi napenda karatasi kwa sababu moja: neno likishachapwa, halifutiki kwa simu ya jioni.

Mnajua ninachosema. Kwenye mitandao mwandishi anaweza kuandika asubuhi kwamba breki za gari fulani zinachoka, mchana akapigiwa simu, na jioni breki zilezile zikawa zimepona bila fundi kuzigusa. Hakuna anayeona. Msomaji aliyesoma asubuhi anadhani aliota. Mimi nimewaona waandishi hao, nimekula nao. Mwaka juzi kampuni moja ilitupeleka kujaribu gari lake jipya kwenye kisiwa chenye jua, hoteli yenye bwawa la kuogelea mbele ya kila mlango, mezani kamba wakubwa kama viatu. Nikakaa na kijana mmoja mchangamfu sana kutoka jarida ambalo sitalitaja.

Nikamuuliza, "Umeshaliendesha?"

Akasema, "Zamu yangu kesho."

"Na makala utaituma lini?"

"Nimeshaituma jana, mzee. Leo nimekuja kwa ajili ya kamba."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Kwa sababu makala ile ilisomwa na mtu mahali fulani, mtu aliyeweka akiba, mtu aliyemwamini kijana yule, na mtu huyo akaenda kununua.

Na ninyi msicheke sana, maana na ninyi nina neno nanyi. Mnapiga kelele kwamba magazeti ya magari yamejaa sifa za uongo. Sawa. Lakini jaribu kuandika ukweli kuhusu gari ambalo msomaji tayari analo bandani! Nimepokea barua ambazo zingemtia aibu mlevi. Kila mmoja wenu anataka ukweli kuhusu gari la jirani. Je, si kweli? Yule anayeinama chini ya meza, nakujua, barua yako ilikuwa na kurasa nne.

Basi, kwa hasira hiyo, tukaanzisha Tornante. Jina mnalielewa: ile kona kali ya mlimani inayogeuka mpaka unaona mgongo wako mwenyewe. Na tukaamua kila gari tutakalolijaribu litapewa neno moja, lichapwe juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, kabla ya maelezo yoyote. Hatukubuni desturi hiyo. Ni ya hapa kwetu, ni ya mafundi na madereva wa majaribio wa milima hii. Vijana wengi hawaijui, kwa hiyo nivumilieni.

Dereva wa majaribio akishuka kutoka milimani, mafundi waliolijenga gari humsubiri mlangoni mwa baa. Yeye hasalimii. Hakai. Havui glavu. Anasema neno moja, mbele ya wote, akiwa amesimama. Baada ya hapo ndipo anaagiza kahawa na kukaa na kueleza mambo ya springi na shokapu na mengine yote. Neno lile tunaliita neno la kusimama. Na sababu yake ni ya busara kuliko inavyoonekana: mtu akishakaa, akishapewa kahawa, akishazitazama nyuso za watu waliohangaika mwaka mzima na gari lile, anaanza kuwa mwema. Na mtu mwema hafai kujaribu magari.

Neno linalotafutwa na kila fundi wa Modena si "kali", wala si "la haraka". Haraka hata jiwe likiangushwa lina haraka. Neno linalotafutwa ni "mkweli". Ndivyo tunavyosema, kana kwamba gari ni mtu. Gari mkweli ni lile linalokuonya. Kabla mkia haujateleza, usukani unakuwa mwepesi kidogo mkononi, kiti kinakusukuma kidogo kiunoni, na unajua umezidisha. Bado una nafasi ya kujirekebisha na kujisifu baadaye. Gari mwongo hukuchekea. Linakaa kimya, linakuacha uamini wewe ni bingwa, halafu linakutupa.

Dereva wetu wa majaribio ni Nives Malagoli. Yule pale, mwenye koti la kijani, anayekula kwa raha wakati mimi nateseka hapa mbele.

Anasema, "Endelea tu, Ermes, nasikia hata nikitafuna."

Asante, Nives. Nives aliendesha kwenye mashindano ya magari ya milimani miaka mingi, akawaacha nyuma wanaume ambao hadi leo wanasema siku ile walikuwa na mafua. Wiki tatu zilizopita Mhandisi Borsarini alitukabidhi Garbino, kwa ukarimu, bila masharti, na hilo nalisema wazi: hakuna masharti. Nives akapanda nalo kuelekea Serramazzoni na kwingine huko juu. Alipanda kwenye jua, akapanda kwenye mvua. Kisha akashuka kwenye baa ya Vanna, ambako mafundi wa Mhandisi walikuwa wanamsubiri mlangoni na nyuso za watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Hakusalimia. Hakuvua glavu.

Alisema, "Mwongo."

Mafundi walitazama viatu vyao. Mmoja, kijana mkubwa mwenye mabega mapana kama mlango, alisema tu, "Jamani, Nives." Naye akajibu, "Na mimi nimeumia kama wewe. Nipeni kahawa."

Sasa mnaelewa kwa nini sijavuta kitambaa.

Mimi si mpumbavu, na nilikuwa na hofu. Garbino lilikuwa tayari kwenye jalada letu. Ukumbi huu ni wa Mhandisi. Matangazo yaliyolipia karatasi ile nzuri ni ya Mhandisi. Wengi wenu mlijiandikisha kwa sababu Mhandisi aliwaambia mjiandikishe. Nikamwambia Nives, turudi tena, na mimi nikae kando yako. Akasema, "Utatapika." Nikasema, "Nitatapika kama mhariri."

Tukapanda kwenye mvua. Nataka mfahamu kwamba Garbino ni gari zuri ajabu. Injini inaimba, usukani unasoma barabara kama kidole kinavyosoma kitambaa, breki zinashika kama mkono wa mama barabarani. Nilikuwa nimeshaanza kutunga sentensi za sifa. Tulipofika kwenye kona ndefu juu ya kijiji, mwendo wa kawaida, mwendo ambao Bi Meya angeenda nao kanisani, samahani Mheshimiwa, Nives akasema, "Sasa chukulia mimi ni dereva wa kawaida. Nimeona paka. Naondoa mguu kwenye mafuta." Akaondoa mguu. Hakuna kilichoonya. Usukani haukusema kitu, kiti hakikusema kitu. Mkia uliondoka bila kuaga. Tulikuwa tunatazama kule tulikotoka.

Nilipiga kelele. Nives alipolishika gari na kulirudisha njiani, akanigeukia akasema, "Ermes, mhariri mzima unapiga kelele bila hata kitenzi?"

Alirudia tena mara mbili. Sitaki kuzungumzia mara hizo.

Basi neno likachapwa. Ukurasa wa kumi na mbili, juu, herufi kubwa. Chini yake kuna sifa zote ambazo gari linastahili, nyingi, za kweli. Lakini juu lipo neno lile.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na Mhandisi, nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanichukia, kisha utanichukia kwa utulivu.

Jumanne jioni karatasi zikiwa zimeshatoka kwenye mtambo lakini hazijashonwa, simu yangu ililia. Alikuwa ni Mhandisi. Nayasema haya hadharani kwa sababu hakuna alichosema cha aibu. Alisema kile ambacho kila mwenye kiwanda angesema.

Alisema, "Ermes, habari za uchapaji?"

"Karatasi zinakauka, Mhandisi."

"Safi. Nimesikia Nives alisema neno pale kwa Vanna."

"Alilisema mbele ya vijana wako."

"Barabara ilikuwa imelowa, Ermes."

"Barabara zetu hulowa, Mhandisi. Kuanzia Oktoba mpaka watu wasahau."

"Usinifundishe hali ya hewa. Sikiliza. Weka 'changamfu'. Gari changamfu. Ni neno zuri, halimdhuru mtu. Gharama ya kuchapa upya ukurasa huo iko juu yangu."

Nikamwambia neno lisilomdhuru mtu halina kazi juu ya ukurasa. Ndipo akashusha sauti, na nadhani alisema kwa huruma ya kweli. "Ermes, sote tunajua. Tangu ile ajali yake kwenye mvua kule Pavullo, Nives anaogopa maji kama paka. Hatusemi kwa sababu tunampenda. Lakini utalitupa gari la watu mia mbili kiwandani kwa sababu ya hofu ya mtu mmoja?"

Nami nikajibu, "Nimekuelewa, Mhandisi."

Akasema, "Nilijua utaelewa," na simu ikakatika.

Watu wa Modena, mmeshaona shimo liko wapi. Hapa kwetu "nimekuelewa" ni neno la kumalizia simu. Binti anamwambia baba yake anaolewa na mtu wa Bologna, baba anajibu "nimekuelewa", na kila mtu mezani anajua vita vimeanza. Lakini Mhandisi amekulia Torino. Kule mtu akisema ameelewa, faili limefungwa na mhuri umepigwa. Kesho yake ililetwa nyumbani kwangu kreti ya mvinyo wa Lambrusco, ule mzuri, pamoja na kadi: "Asante kwa neno." Nilisimama mlangoni na kreti ile mikononi, nikajua kwamba Mhandisi anaamini neno limebadilishwa. Nilipaswa kumpigia papo hapo. Nilishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Nilijiambia atakapoona nitamweleza, nilijiambia labda hatasoma, uongo wa aina ile ambao mtu hujipa akiwa na nguo za kulalia.

Mhandisi, neno halikubadilishwa. Majarida yako kwenye yale mabunda karibu na mlango, yamefungwa. Ukurasa wa kumi na mbili unasema "mwongo".

Tulieni, tafadhali. Tulieni.

Niruhusuni niseme kilichonikosesha amani wiki hii yote. Si hasira ya Mhandisi. Nimegombana na watu wakubwa kuliko yeye, na wengine bado wananitumia kadi za Krismasi kupitia mawakili. Kilichonikosesha amani ni hili: je, kama Nives amekosea? Je, kama kweli ni hofu ya zamani inayoshika usukani, na mimi, kwa kiburi changu cha karatasi isiyofutika, ninachapa hofu ya mtu mmoja na kuiita ukweli? Karatasi haichagui. Inashika kosa kwa uaminifu uleule inaoshikia ukweli. Watu mia mbili wanakula kwenye kiwanda kile. Nimelala nao kitandani mwangu, wote mia mbili, na hawakuniachia nafasi.

Halafu nikafikiria upande wa pili. Jumatatu magari ya kwanza yanakabidhiwa. Madereva wake hawatakuwa akina Nives. Watakuwa watu. Watu wenye kazi, wenye haraka, wenye sandwichi kwenye kiti cha pembeni. Bi Fosca Lugli, nakuona pale, na nilitaka kukwambia kando, lakini sasa hakuna kando. Bi Fosca ana duka la dawa kule Sassuolo. Ndiye msomaji wetu wa kwanza kujiandikisha, na ndiye atakayechukua Garbino la kwanza. Kila Ijumaa jioni anavuka milima kwenda kumwona mama yake Pievepelago. Ijumaa za Novemba. Anapita kona ileile.

Nikajiuliza: nikibadilisha neno, Bi Fosca atasoma "changamfu", atatabasamu, atawasha gari. Nikiliacha, na Nives amekosea, Mhandisi atapoteza mauzo na mimi nitapoteza jarida. Hivi viwili vinapimwa kwenye mizani gani? Mimi sikuiona mizani hiyo. Nilimwona Bi Fosca tu.

Ndiyo, Bi Fosca, uliza.

Anauliza, "Ermes, na lile langu pia?"

Yote yametoka kwenye mchoro mmoja, Bi Fosca.

Mhandisi anasimama. Mpisheni, jamani, sogezeni viti. Maikrofoni ya pili haipo? Basi nitarudia maneno yake kwa sauti ili mlio nyuma msikie. Nimezoea kunukuu watu walionikasirikia.

Mhandisi anasema, "Uliniambia umeelewa."

Nilielewa, Mhandisi. Sikukubali. Msicheke, tafadhali, si wakati wake. Nilipaswa kukwambia tofauti hiyo siku ileile, na sikukwambia, na kwa hilo una haki ya kunisema mbele za watu.

Anasema, "Umenialika kwenye ukumbi wangu mwenyewe uje univue nguo."

Ni kweli.

Anasema, "Toleo hili limeshachapwa, basi. Lakini kuanzia linalofuata, nisione jina langu hata kwenye kona ya ukurasa. Matangazo yote toa."

Nimesikia, Mhandisi. Na safari hii nimekubali.

Subirini, bado amesimama. Anamtazama Nives. Nives ameacha kula, na hilo si jambo dogo. Mhandisi anamuuliza, "Ulikuwa gia gani?"

Jibu kwa sauti, Nives. Anasema, "Ya tatu. Na mguu niliutoa nusu."

Mhandisi anauliza, "Nusu? Si wote?"

"Nusu. Breki sikuigusa kabisa. Ningeutoa wote, ungenikuta mtoni."

"Tairi zilikuwa zimepoa."

"Zilikuwa za moto, Mhandisi. Mimi nimezaliwa juzi?"

Mlio mbele mnaona anachofanya Mhandisi. Amechukua kitambaa cha mezani, ameomba kalamu, na anachora. Kijana mwenye mabega ya mlango ameinama pembeni yake, anaonyesha kwa kidole. Wanabishana. Sisikii vizuri. Nasikia "upau wa nyuma", yaani kile chuma kinachoutuliza mkia wa gari. Nasikia "nilikwambia mwezi wa nne". Anayesema hivyo ni kijana, na Mhandisi hamkatizi.

Sasa Mhandisi amegeuka tena. "Nives, kesho asubuhi. Kona ileile. Mimi naendesha, wewe unakaa kando."

Nives anasema, "Kesho Jumapili."

"Itanyesha kesho?"

"Itanyesha."

"Basi kesho."

Nives anasema, "Uje na nguo za kubadilisha, Mhandisi. Ermes alizihitaji." Huo ni uzushi na ninaukana.

Bi Fosca naye amesimama. Anauliza, "Na Jumatatu?"

Mhandisi anamtazama. Nyamazeni, tafadhali, hata wahudumu. Anasema, "Jumatatu usije, Bi Fosca. Nitakupigia mwenyewe."

Amechukua koti lake. Anaondoka. Hakunipa mkono, na sikutegemea. Wapisheni njia yeye na kijana wake.

Mabibi na mabwana, nilikuwa nimeandika mwisho mwingine, wenye shukrani kwa mdhamini na maneno ya mustakabali. Umekwisha kufa mikononi mwangu, na kitambaa chekundu nakiacha kilipo. Niseme tu mambo yalivyo. Kuanzia toleo la pili Tornante halina mdhamini. Jalada la nyuma, ambalo lilikuwa la Mhandisi, litatoka jeupe, na sitalijaza kwa picha ya machweo ili kuficha aibu. Sijui kama kutakuwa na toleo la nne. Sijui kama Mhandisi kesho atarudi kutoka kwenye kona ile akisema Nives alikuwa sahihi au akisema sote wawili ni waongo kuliko gari lake. Sijui, na kutojua huku nitalala nako leo.

Ninachojua ni kwamba kuanzia sasa jarida hili lina bwana mmoja tu, naye ni yule anayelipa ada. Yaani ninyi. Na mimi nawaogopa ninyi kuliko nilivyomwogopa Mhandisi, kwa sababu yeye aliniomba nibadilishe neno moja kuhusu gari alilolijenga mwenyewe, na siku moja mtaniomba nibadilishe neno kuhusu magari mliyoyanunua tu. Mkinipigia, nitasema nimewaelewa. Sasa mnajua maana yake.

Kwa hiyo sikilizeni. Anayetaka kurudishiwa ada yake, namheshimu; mke wangu amekaa mlangoni, atarudisha bila kuuliza sababu na bila kukunja uso, nimemwomba. Anayetaka jarida, alichukue kwenye bunda. Alifungue mwenyewe, alisome kwa mashaka, kama tulivyoliandika.

Nawashukuru, Mheshimiwa Meya, kwa kuvumilia. Mafundi wa Borsarini, kwa kuja mkijua. Nives, kwa kutovua glavu. Na ninyi nyote, kwa kunipa masikio yenu mkiwa na njaa. Maandazi yetu ya gnocco bado ni ya moto, myale kabla hamjaondoka. Halafu nendeni polepole, wote. Barabara imelowa, na magari yenu bado hatujayajaribu.